Kura za Mama Clotilde

Mke wangu Clotilde hakuwa na hamu ya ubunge. Alitaka shamba lake, basi. Nasema mapema kwa sababu hapa kambini siku hizi wapo wanaosema alivimba kichwa, kwamba alitaka kuitwa Honorable na kupanda gari lenye vioo vyeusi. Wanaosema hivyo wamekula bukari nyumbani kwangu, tena si mara moja.

Mimi ni Gaston Ngandu. Nilifanya kazi ya reli hapa Kamina tangu ujana mpaka waliponistaafisha. Kazi yangu ilikuwa kugeuza njia, ili treni ya kwenda Kabalo isiingie kwenye njia ya treni ya Lubumbashi. Sisi watu wa kambi ya reli ni mchanganyiko. Baba wa huyu alitoka Kasai, wa yule Maniema, wa mwingine Bukama. Wenyeji wa vijijini wana ardhi ya babu zao na chifu wa kuwasemea. Sisi tuna bonde nyuma ya karakana, ambalo mama zetu walilifyeka wenyewe zamani, na mshahara wa reli ulipokuwa hauji, bonde ndilo lililotulisha.

Wanawake wa kambi hulima bonde hilo kwa zamu. Leo wote wanakwenda kwa huyu, safari nyingine wote kwa yule, na mwenye zamu anawapikia munkoyo wa kunywa baada ya kazi. Ukilima kwenye zamu ya mwenzako huulizi mahindi yatakuwa ya nani. Ni ya mwenye zamu, imekwisha. Anayeongoza ni Masengo, jirani yetu, mjane mwenye sauti ya kusikika mpaka stesheni.

Kiangazi kile Honorable Kisimba, mbunge wetu katika bunge la jimbo, alileta vijana wakasimika nguzo za sementi kuzunguka bonde lote. Alisema ana karatasi zake. Akasema kwa upole kabisa kwamba kina mama wanaweza kupanda msimu huu, waya wa miiba utakuja baada ya uchaguzi. Wanawake walizunguka ofisi hii na ile wakiwa wamevaa vikwembe vyao vya kanisani, na kila mahali waliambiwa jambo moja: waende wakamwone mbunge wao. Mbunge wao alikuwa Kisimba.

Basi Masengo akasema, siku hiyo wakiwa bondeni, majembe begani:

«Kama kiti njo inamupatia nguvu, tumutoshe mu kiti. Tuko bengi. Kura yetu yote tumupatie muntu moja wa hapa ku camp. Tufanye kama zamu.»

Wakamwangalia Clotilde. Yeye ndiye aliyesoma kidogo, yeye ndiye anayewaandikia barua, na hana mdomo wa kugombana na watu. Alikuja nyumbani akaniambia kama mtu anayetoa habari ya msiba. Nilimwambia siasa si mahali pa mtu anayeomba radhi akikanyagwa mguu. Akanijibu kwamba yeye haendi kwenye siasa, anakwenda kuchukua shamba.

Tulidhani kugombea ni kuweka jina na kuomba kura. Kumbe. Mgombea huru, peke yake, asipofikisha kiwango cha kura kilichowekwa kwa jimbo zima, kura zake zinatupwa hata kama mtaa wake wote umempa. Nani anamjua Clotilde kule Bukama? Ndipo akatokea Hénoch, mtu wa mkoba na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope, katibu wa chama kidogo ambacho sikuwahi kukisikia. Alitafuta wanawake wa kuweka kwenye orodha yake. Akamsifu Clotilde mpaka chai ikapoa. Chama, alisema, ni kama koti tu la mvua, unavaa ili upite. Na chama chake kidogo kilikuwa ndani ya muungano wa vyama, kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa kiwango. Nilimuuliza nani mwingine yumo kwenye huo muungano. Akasema, bantu bazuri, Papa Gaston, bantu ba maendeleo. Clotilde akatia saini.

Kampeni ilipoanza lilikuja gari la kubandika mabango. Walibandika moja kubwa kwenye ukuta wa kambi, mbele ya bomba la maji. Wanawake walikimbia na ndoo zao kwenda kumwona mwenzao. Nami nikaenda, sikuweza kujizuia. Juu kabisa, kichwa kikubwa kama sinia, alikuwa Kisimba anatabasamu. Chini yake zilipangwa sura za wagombea wengine wa orodha hiyohiyo, ndogo ndogo, na ile ya mwisho kwenye kona, karibu kukatwa na ukingo wa karatasi, ilikuwa ya Clotilde wangu.

Kisimba alikuwa amehama chama chake dakika za mwisho. Alihamia kwetu. Sisi ndio tulikuwa koti lake.

Clotilde alisimama pale na ndoo tupu. Aliporudi nyumbani alikaa jikoni akipepeta maharagwe yaliyokwisha kupepetwa, na mimi, mjinga, nilitaka kwenda kumtafuta Hénoch nimvunje meno. Hénoch alikuwa amekwisha ondoka. Alikwenda Luena, walisema, kuwaandaa wagombea wa kule.

Nikamwita Jéthro, mume wa binti yetu, mwalimu wa sekondari anayefundisha uraia. Lakini kuna ukwe. Jéthro hawezi kukaa karibu na mama mkwe wake wala kumsemesha uso kwa uso, sembuse kumwambia kwamba ameingizwa mjini. Basi akakaa barazani na mimi, macho chini, na Clotilde akakaa ndani nyuma ya pazia la mlango. Mimi nikawa katikati, kama zamani kwenye kazi yangu.

«Papa,» Jéthro akaanza, «kura ya Mama, mbele haiko ya Mama. Iko ya liste. Banachanganya kura ya bantu bote ba liste, banaangalia kama inatosha kupata kiti. Kama inatosha, kisha njo banauliza: ndani ya ile liste, nani iko na mingi kupita benzake? Ule njo anakamata kiti.»

«Sasa Clotilde na Kisimba...»

«Kama Mama anamupita Kisimba mu muji muzima, kiti iko ya Mama. Kama hamupite, kila kura ya hapa ku camp inamubeba Kisimba.»

Sauti ikatoka nyuma ya pazia:

«Gaston, umuulize mukwe kama naweza kutoka.»

Nikamuuliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri kama mimi.

«Date ya kutoka ilipita, Papa. Sura ya Mama iko tayari mu machine ya kuchagulia.»

«Umuulize tena. Kama minyi nanyamaza, bantu habachague, Kisimba anaanguka?»

Jéthro alikuna goti lake. Akasema labda. Orodha ya Kisimba haikuwa na nguvu sana mjini, watu wengi walimchoka. Bila kambi ya reli huenda isifikie kiti. Lakini kiti kingekwenda kwa watu wa orodha nyingine, na hao hawajui hata bonde liko wapi, na mmoja wao ni shemeji yake Kisimba. Nilimpenda yule kijana siku ile, jinsi alivyosema ukweli na jasho linamtoka. Hata hivyo nilitamani asingekuja.

Clotilde hakuwaficha wenzake. Naomba hili likumbukwe. Kesho yake alikwenda bondeni, ilikuwa zamu ya Masengo, akawaeleza yote palepale kati ya matuta, orodha, kuchanganya, kiti. Mimi nilikuwa pembeni nanoa majembe yao. Walimsikiliza, kisha Masengo akacheka kicheko chake kile.

«Weye, Mama Clotilde! Leo tuko kwangu. Mahindi hii itaenda kwa nani? Kwa Mbuyi? Kwa Léa? Zamu njo zamu. Tunabonyeza sura yako, kura inakuwa ya nani tena?»

«Masengo, hapa haiko kama zamu...»

«Nani anaweza kutuibia kintu yenye tulimupa muntu na mikono yetu, na macho yetu inaona?»

Wote wakaunga mkono. Si kwamba ni wapumbavu. Wamelima hivyo maisha yao yote na haijatokea hata siku moja jembe la watu wote likamnufaisha mwingine. Ungewaelezaje? Na nilimwona Clotilde akiwatazama, nikaona jambo lililonitisha kuliko bango: alianza kuwaamini. Aliporudi aliniambia, «Tunaweza kumupita, Gaston. Muji iko na bamama bengi.»

Basi akafanya kampeni. Alitembea kwa miguu na kwa baiskeli yangu, mtaa kwa mtaa, sokoni, kwenye foleni za maji, baada ya misa na baada ya ibada. Hakuwa na kikwembe cha kugawa wala mafuta ya kuwapa vijana wa pikipiki. Alikuwa na maneno yake machache: bonde, nguzo, watoto. Sauti ilimkauka, miguu ikavimba, nami nilimkanda jioni kwa maji ya chumvi bila kumwambia nilichokuwa nafikiri. Nilijivunia sana.

Kisimba hakukanyaga kambini hata mara moja. Alikwenda mitaa mingine na vijiji vya pembeni, na chumvi, na vikwembe vyenye sura yake, na pikipiki zikimzunguka kama nzi. Kwetu alituma kipaza sauti. Ndiyo, kipaza sauti kipya, cha Mama Clotilde, kwa heshima zake Honorable. Clotilde alikirudisha. Kikaletwa tena, safari hii kwa Masengo, na Masengo akakipokea kwa sababu, alisema, ng'ombe haulizwi nani alimnunua. Alikuwa na misemo yake ya kujitungia. Tangu hapo jina la mke wangu likasikika mpaka upande wa pili wa reli.

Siku moja mlevi alichana bango dogo la Clotilde pale karibu na stesheni. Nilikwenda na uji wa muhogo kulibandika upya, nikakuta vijana wawili wenye fulana za Kisimba wanalibandika, tena kwa uangalifu, wanalinyoosha kona na viganja. Wakaniamkia vizuri: «Jambo, Papa. Honorable alisema tulinde photo ya Mama, mutu asiiguse.» Nilisimama na kopo langu la uji. Nimefanya kazi reli miaka mingi, naujua ule ubaridi wa kuona behewa limeanza kutembea na hakuna wa kulizuia.

Sikumwambia Clotilde. Angefanya nini?

Siku ya kura mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kambi yote ilikwenda, wazee walibebwa kwenye baiskeli, wajawazito walisogezwa mbele. Walipanga foleni kwenye ua wa shule bila kusukumana, jambo ambalo sijaliona hata kwenye maziko. Ndani walikuwa wanabonyeza sura ya Clotilde kwenye ile mashine na wanatoka wamenyoosha kidole chenye wino. Masengo alitoka amelowa chepechepe, akaniona chini ya ukingo wa paa.

«Papa Gaston, tulimaliza kulima!»

Nikamwambia asante. Niliisema kwa moyo wote, na nilitaka kulia.

Matokeo yalichelewa, kama kawaida. Yalipotoka, Jéthro alikuja, akakaa barazani palepale, macho chini palepale. Vituo vyote vya upande wa kambi Clotilde alikuwa amemshinda Kisimba, tena vibaya. Lakini mjini kote Kisimba alikuwa mbele yake. Orodha yao ilipata kiti kimoja, ilipenya kwa shida, na kiti kilikwenda kwa aliyekuwa na kura nyingi ndani ya orodha.

«Na kama camp haingeenda kuchagua?» nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

«Papa, achana na ile.»

«Sema, Jéthro.» Ilikuwa sauti ya Clotilde, na hakupitia kwangu. Alikuwa ametoka nje ya pazia, amesimama mbele ya mkwe wake, na kijana akageuza uso upande wa ukuta kwa aibu.

«Kisimba angeanguka,» akasema akiutazama ukuta. «Bila camp, angeanguka.»

Clotilde akarudi ndani. Sikumfuata mara moja. Kuna maumivu ambayo mtu anataka kuyapokea bila kutazamwa, hata na mumewe.

Jumapili iliyofuata Kisimba alikuja kambini kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Alikuja kushukuru. Aliteremka kwenye gari mbele ya bomba la maji, chini ya lile bango lake lililokwisha pauka, na makreti ya soda na ya bia, akaamkia watu wazima kwa mikono miwili. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi.

«Wafwako, ba mama, wafwako!» alisema, anashukuru kwa Kiluba, mkono kifuani. «Kuko bantu banasema Kisimba alishinda na franga. Bongo, ni uongo mutupu! Kisimba alishinda na camp ya reli. Mama Clotilde iko wapi? Mama, kuya hapa. Munaona huyu mama? Bila huyu, minyi leo niko nalala ku nyumba. Huyu njo mama ya kiti yangu.»

Akamvisha kikwembe kipya mabegani, hadharani. Clotilde alisimama kama mti. Mtu mmoja alipiga makofi, nadhani kwa mazoea tu, na makofi yakaenea kidogo halafu yakafa. Wanawake walikuwa wanamtazama. Masengo alikuwa anamtazama, na chupa ya soda mkononi ambayo hajaifungua. Nililiona wazo likiingia vichwani mwao pole pole, na sikuwa na namna ya kulizuia: huyu alijua. Huyu alitueleza, ndiyo, lakini alieleza kwa sababu alijua, na akaendelea. Sasa anavishwa.

Kisha Kisimba akaendelea, kwa upole uleule. Waya unaanza wiki hii. Mahindi yaliyomo ni ya mwenye ardhi, sheria ndivyo inavyosema, lakini yeye si mtu mbaya. Kazi itakuwepo, kupalilia, kuvuna. Atachukua wanawake wa kambi kabla ya watu wa mbali. Ni deni lake kwetu, alisema, na akatabasamu kama kwenye bango.

Waya ulifungwa. Tulikwenda kuulalamikia, na ofisini wakatuuliza kwa mshangao: si ninyi mliompa kiti? Si mama huyu yumo kwenye orodha yake? Karani mmoja alitucheka waziwazi. Hénoch naye alirudi kutoka Luena na viatu vyake, akapata kazi ofisini kwa Honorable. Tukikutana ananiita mzee wangu.

Clotilde alikitia kile kikwembe kwenye jiko la makaa. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi, kwa hiyo haikumsaidia kitu. Hakulalamika. Alizidi tu kunyamaza, na mimi nilikuwa naongea badala yake, naongea mpaka najichosha mwenyewe, kumtukana Kisimba, Hénoch, wanawake, mvua.

Hesabu ya zamu haikuwa imekatika. Kabla ya kura ilikuwa imefika kwa Masengo, kampeni ikaisimamisha hapo, na baada ya Masengo anafuata Clotilde. Alfajiri ya siku yake aliamka mapema, akatoa munkoyo aliokuwa ameulaza tangu juzi, akauchuja, akaweka chungu karibu na mlango na vikombe vyote tulivyo navyo. Nilimuuliza watalima wapi, bonde si limefungwa? Akasema kuna kale kaukanda kembamba kati ya waya na reli, panaweza kupandwa muhogo. Akakaa kwenye kigoda na jembe mapajani.

Wakapita. Wote, majembe begani, Masengo mbele. Hakuwa akiimba. Walikuwa wanaelekea bondeni, upande wa lango la waya. Masengo alipofika kwetu alisita, akasimama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka kama sisi.

«Tunaenda, Mama Clotilde.»

«Kwa nani?»

«Kwa Kisimba. Anatafuta ba kupalilia.»

«Masengo,» mke wangu akasema taratibu, «leo iko zamu yangu.»

«Najua,» Masengo akamjibu. «Weye njo ulitupeleka kulima kwake. Hatuyamaliza bado.»

Akaendelea na njia, na wengine nyuma yake, kila mmoja akiangalia kisigino cha aliye mbele. Clotilde alibaki amekaa mpaka wa mwisho alipopita. Halafu akainuka, akafunika chungu na sahani ili inzi wasiingie, akaweka jembe begani na kuwafuata kwenda kupalilia mahindi yake mwenyewe.

Nilibaki mlangoni na vikombe.